Damu ya Mtu wa Kikwit

Mwezi wa Septemba 2018 habari ilishuka upesi kutoka hospitali ya Tchomia hata ufukoni mwa ziwa: mama mmoja aliyetoka upande wa Beni amefariki, na ugonjwa wake ni Ebola. Maji ya kunawa yakawekwa milangoni, hata mlangoni mwa kanisa, na watu wakaacha kupeana mikono. Wengi walisema kwamba ugonjwa huo hauna dawa. Kumbe siku zilezile, huko Mangina na Beni, wagonjwa walikuwa wamekwisha anza kutiwa mshipani dawa ambayo asili yake ni damu ya Mkongo. Habari zake nataka kuwasimulia, ndugu wasomaji, maana wengi kwetu hudhani kwamba ilitoka ng'ambo tu.

Mwaka 1995 Ebola iliuingia mji wa Kikwit. Watu 315 waliugua, na katika kila watano wanne hivi walikufa. Kati yao walikuwa Masista sita wa Maskini wa Bergamo, waliofuatana kaburini mwezi wa Aprili na Mei kwa sababu hawakuwaacha wagonjwa wao. Alikuwako pia Daktari Jean-Jacques Muyembe, Mkongo, aliyekutana na ugonjwa huu mara ya kwanza mwaka 1976 katika hospitali ya misioni ya Yambuku. Yeye aliwaza hivi: mtu aliyepona, damu yake lazima ina kitu kilichoushinda ugonjwa. Basi wagonjwa wanane wakatiwa damu ya waliopona, na saba wakaishi. Wataalamu wa nje hawakusadiki. Walisema wanane ni wachache, tena hakuna wa kulinganishwa nao. Neno hilo lilikuwa na haki yake, lakini wazo halikufa.

Mwaka 2006, miaka kumi na mmoja baadaye, mtu mmoja aliyepona Kikwit alikubali kutoa damu tena. Ilipelekwa Marekani, kwa Nancy Sullivan na wenzake, nao walishirikiana na Antonio Lanzavecchia wa Uswisi.

Yafaa tuelewe walichotafuta. Mwili ukishambuliwa hutengeneza kingamwili, yaani protini yenye umbo la kumshika adui fulani, kama ufunguo na kufuli lake. Tena chembe zinazoitengeneza zina kumbukumbu. Baada ya miaka ile yote zilikuwa bado zinamjua adui wa Kikwit. Wataalamu wakazipata, wakasoma maandishi ya urithi yanayoagiza protini ile, wakayatia katika chembe nyingine zilizokuzwa maabarani. Leo chembe zinazofanya kazi hiyo zina asili katika mnyama mdogo wa jamii ya panya. Hulelewa ndani ya mapipa ya chakula cha majimaji, nazo hutoa protini ya mwanadamu, kamili, bila kumjua mwanadamu yule. Hivyo ndani ya chupa ya dawa hamna hata tone la damu ya mtu. Nalisema waziwazi kwa sababu ya maneno tuliyoyasikia sokoni.

Protini hiyo ikaitwa mAb114. Nyani waliotiwa ugonjwa, wakapewa dawa siku tano baadaye, walipona wote. Kisha tarehe 20 Novemba 2018 dawa nne zilianza kulinganishwa kwa wagonjwa wenyewe, huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Walioingia walikuwa 681. Hesabu ilipofanywa mwezi wa Agosti 2019, kati ya wagonjwa mia waliopewa dawa iitwayo ZMapp walikufa karibu 50, na wa remdesivir 53. Wa mAb114 walikufa 35, na wa REGN-EB3, ambayo nayo ni ya kingamwili, 34 hivi.

Bado hao 35 ni wengi. Lakini tazameni tofauti hii: waliopewa mAb114 wakati virusi ni vichache damuni walikufa kama kumi tu katika mia, na wale ambao virusi vilikuwa vimekwisha jaa walikufa sabini. Kila siku ya kukawia nyumbani ilikuwa na bei yake. Ni wangapi waliofichwa chumbani kwa kuwaogopa waliovaa mavazi meupe!

Ugonjwa ule ulitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, umewaua watu 2,287. Mwezi wa Desemba mwaka uleule Marekani iliikubali mAb114 kuwa dawa halali. Haki ya kuiendeleza ilipewa kampuni ya huko, Ridgeback Biotherapeutics. Asili yake ni Kikwit, na jaribio kubwa lilifanyika Kivu, lakini karatasi za haki ziko mbali.

Tena ufunguo huu ni wa kufuli moja. Huishika Ebola ya aina ya Zaire, ile ya Kikwit na ya Beni. Ile iliyozuka mwaka 2007 huko Bundibugyo, Uganda, ng'ambo ya mto Semliki kusini mwa ziwa letu, kisha Isiro mwaka 2012, ni ya aina nyingine, na haijathibitishwa kwamba kingamwili ya mtu wa Kikwit huiponya.