Cheti cha Chawa
Nilipoanza kusoma kanuni za likizo za Vita Kuu ya Kwanza, nilitarajia kukuta huruma. Nilikuta chawa. Askari wa Ujerumani aliyetoka vitani upande wa Urusi hakufika kwao kwa ruhusa ya mkubwa wake peke yake. Alivuliwa nguo, akaogeshwa, sare ikapitishwa kwenye joto kali, ndipo akapewa cheti kuwa hana chawa. Mwaka 1909, huko Tunis, Charles Nicolle alikuwa amegundua kwamba chawa wa mwilini ndiye anayeeneza tifasi (si taifodi yetu hii). Kumbe aliyekuwa akikingwa ni mke na watoto waliomsubiri nyumbani. Yeye, likizo ikiisha, alirudi mahandakini, kwa chawa wale wale.