Onyesho Lipendwalo kama Uhakiki: Filamu za Raj Kapoor na Hadhira za Pwani ya Afrika Mashariki

Utangulizi

Historia ya sinema katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa njia mbili. Ya kwanza hufuata asasi: serikali za kikoloni na miradi yao, mathalani jaribio la filamu za elimu lililofanywa Tanganyika kati ya 1935 na 1937, pamoja na wafanyabiashara waliojenga majumba ya sinema katika miji yetu. Ya pili humfuata mwongozaji: hutaja kazi zake kwa mpangilio wa miaka, itikadi yake na waliomwathiri. Njia zote mbili zina manufaa, lakini zote humwacha pembeni mtazamaji, ambaye huhesabiwa kwa tiketi aliyokata na kusahaulika mara anapotoka mlangoni.

Makala haya yanadhamiria kuanza pale ambapo njia hizo mbili hukoma, yaani baada ya filamu kumalizika, watazamaji wanapokaa barazani, jikoni au kazini na kutajiana onyesho lililowagusa kuliko mengine. Neno "onyesho" tunalitumia hapa kwa maana ya sehemu moja ya filamu, kama tulitumiavyo katika tamthilia. Tunadai kwamba kitendo hicho cha kuchagua onyesho na kulisimulia upya ni uhakiki kamili, na kwamba historia ya upokezi wa filamu katika pwani yetu haiwezi kukamilika bila kukizingatia. Mfano wetu ni filamu za mwongozaji wa Kihindi Raj Kapoor, hususan Awara ya mwaka 1951.

Mwongozaji na swali lake

Raj Kapoor alizaliwa Peshawar mwaka 1924 na kufariki mwaka 1988. Mwaka 1948 aliongoza filamu yake ya kwanza, Aag, chini ya kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Ikafuata Barsaat (1949), kisha Awara (1951) na Shree 420 (1955). Katika hizi mbili za mwisho alimjenga mhusika aliyemfanya ajulikane duniani: mzururaji maskini, mcheshi, mwenye mavazi yasiyomkaa sawasawa, ambaye anadhihirisha athari ya Charlie Chaplin.

Msuko wa Awara, uliotokana na kalamu ya K. A. Abbas, umejengwa juu ya swali moja. Jaji Raghunath anaamini kwamba mwana wa muungwana huwa muungwana na mwana wa mwizi huwa mwizi. Kwa imani hiyo anamhukumu Jagga, naye Jagga anaapa kulipiza kisasi. Anamteka mke wa jaji, Leela, na alipotambua kuwa ni mjamzito anamrudisha ili mumewe aishuku mimba. Jaji anamfukuza mkewe, naye anajifungua barabarani usiku wa mvua. Mtoto huyo, Raj, anakulia katika ufukara na kuingizwa kwenye wizi na Jagga yule yule. Filamu inaanzia mahakamani: Raj ameshtakiwa kwa kujaribu kumuua jaji, na anayemtetea ni Rita, msichana aliyelelewa na jaji huyo, ambaye pia ni mpenzi wa mshtakiwa.

Msomaji wa Kiswahili atatambua mara moja kwamba swali la filamu hii limo tayari katika methali zetu mbili zinazopingana. Mtoto wa nyoka ni nyoka, yasema ya kwanza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, yajibu ya pili. Awara ni kesi baina ya methali hizo. Mtazamaji wa Unguja au Mombasa, kwa hiyo, hakuhitaji kufundishwa swali. Alikuwa nalo kabla ya taa kuzimwa. Hans Robert Jauss aliita jambo hili upeo wa matarajio: kazi ya sanaa hupokewa na mtu ambaye tayari ana maswali na mazoea yake.

Usimulizi kama tafsiri

Kihindi hakikuwa lugha ya watazamaji wengi wa pwani. Hata hivyo, Laura Fair, katika utafiti wake kuhusu Zanzibar (2009) na katika kitabu chake kuhusu sinema nchini Tanzania (2018), anaonyesha kuwa filamu za Kihindi zilipendwa mno katika miaka ya 1950 na 1960, na kwamba Awara ilibaki katika kumbukumbu za watu kwa miongo kadhaa. Wanawake waliotawishwa walikuwa na nyakati zao maalumu za kwenda sinema bila wanaume, na walizitumia kwa wingi.

Waliwezaje kuelewa? Sehemu ya jibu iko katika lugha yenyewe. Kihindi na Kiurdu vimeazima kutoka Kiarabu na Kiajemi maneno mengi ambayo Kiswahili nacho kinayo, kama vile dunia, kitabu, wakili, habari na wakati. Kwa mtazamaji makini, maneno hayo yalikuwa kama mawe ya kuvukia mto. Sehemu nyingine iko katika picha na muziki. Lakini sehemu kubwa, kwa maoni yetu, iko katika usimulizi wa baadaye. Aliyejua Kihindi kidogo alimweleza asiyejua, aliyeiona filamu mara tatu alimsahihisha aliyeiona mara moja, na aliyekatazwa kwenda aliipata kutoka kwa ndugu yake. Filamu iliyojadiliwa barazani ilikuwa, kwa hiyo, matini ya Kiswahili.

Huenda mtu akapinga kwamba kusimulia si kuhakiki, kwa kuwa msimulizi hatoi hoja. Pingamizi hilo linasahau mafunzo ya fasihi simulizi. Fanani anapochagua kuanzia hapa na si pale, anaporefusha tukio moja na kuliruka jingine, na hadhira inapomkatiza kwa swali au kicheko, hukumu inatolewa. Filamu ina urefu unaokaribia saa tatu. Anayeteua dakika tano kutoka humo amekwisha kusema filamu ile inahusu nini.

Maonyesho matatu

Tuyatazame maonyesho matatu ya Awara. La kwanza ni la mkufu. Jaji amenunua mkufu wa kumzawadia Rita siku ya kuzaliwa kwake, lakini Raj, asiyemjua jaji huyo ni nani, anamnyang'anya njiani. Katika sherehe, Raj anampa Rita mkufu usio na kisanduku. Jaji anampa kisanduku, na kinapofunguliwa ni kitupu. Rita anaelewa. Onyesho hili halihitaji neno hata moja, na ndiyo maana linavuka lugha kwa urahisi. Kinaya chake kina uzito zaidi ya wizi wenyewe: baba na mwana, pasipo kujuana, wamegawana zawadi moja, na hakuna aliye na zawadi kamili bila mwenziwe. Anayelipenda onyesho hili ameisoma filamu kama hadithi ya nasaba iliyovunjika.

Onyesho la pili ni la mahakamani, Rita anapomhoji jaji aliyemlea. Hapa jaji hushuka kutoka kiti cha hukumu hadi kizimba cha shahidi, na imani yake kuhusu damu inawekwa mbele ya watu. Katika Zanzibar, ambako uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957 na ambako suala la asili, uungwana na utwana liliingia katika kila mjadala wa siasa hadi mapinduzi ya Januari 1964, hoja kwamba hadhi ya mtu haimo katika damu yake haikuwa hoja ya Bombay pekee. Hatusemi kwamba filamu ilizaa siasa. Tunasema kwamba iliwapa watu mahali pa kulijadili jambo zito kwa kuzungumza juu ya watu wengine. Tena anayeuliza maswali mahakamani ni mwanamke kijana, na anayeulizwa ni mlezi wake. Katika jamii ambamo wazazi ndio walioamua ndoa, Rita aliyemchagua mzururaji na kumtetea hadharani alikuwa hoja inayotembea. Fair anaonyesha jinsi vijana wa Zanzibar walivyoutumia uhusiano wa Raj na Rita kujadili mapenzi, tabaka na ridhaa ya wazazi.

Onyesho la tatu ni la ufukweni. Rita anamwita Raj mshenzi kwa mzaha, naye anakasirika, anamkaba na kumpiga kofi. Rita anaanguka miguuni pake, na mapenzi yao yanaendelea. Onyesho hili limetajwa na wapenzi wengi wa filamu hii kama kilele cha mahaba yake. Hapa mhakiki hana budi kusimama. Ikiwa tumedai kuwa chaguo la mpenzi wa filamu ni hukumu, basi ni lazima tukubali kwamba hukumu hiyo yaweza kuwa na kasoro. Neno "mshenzi" linachoma kwa sababu linamrudisha Raj kwenye swali la asili yake, na filamu inataka tumwonee huruma. Lakini gharama ya huruma hiyo inalipwa na Rita. Mwanamke yule yule atakayemhoji jaji kwa ujasiri anafundishwa hapa kwamba kofi ni ithibati ya pendo. Kuheshimu uhakiki wa watazamaji hakumaanishi kuusifu wote. Kunamaanisha kuuhoji kama tunavyouhoji uhakiki wa maandishi.

Ulinganisho na Urusi

Ili kuona kwamba uteuzi wa maonyesho ni zao la jamii na si la filamu pekee, inafaa kutazama kwingine. Awara ilifika Muungano wa Kisovieti mwaka 1954 na inakadiriwa kuuza tiketi zipatazo milioni 64. Utafiti wa Sudha Rajagopalan (2008) unabainisha mvutano uliokuwapo huko. Wahakiki rasmi walithamini filamu za Kihindi kwa kuufichua unyonge wa maskini, ilhali watazamaji wengi walivutwa na nyimbo, rangi ya hisia na mapenzi. Mwongozaji ni mmoja na filamu ni moja, ila kila hadhira iliikata kwa kisu chake. Huko mvutano ulikuwa kati ya dola na mtazamaji. Pwani, hapakuwa na mhakiki rasmi wa kushindana na baraza, na kwa sababu hiyo baraza ndilo lililobaki kuwa uhakiki wetu wa pekee wa filamu hizo kwa wakati wake.

Mabaki ya usimulizi

Usimulizi huo haukupotea wote. Sehemu yake iliingia katika taarab ya Mombasa, ambamo mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi yalipewa maneno ya Kiswahili. Mfano mashuhuri ni wa Mohamed Khamis Juma Bhalo (aliyefariki 2014), aliyeimba tungo za Ahmad Nassir. Sehemu nyingine ilijitokeza upya katika vibanda vya video, ambako wasimulizi kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya walijipatia umaarufu kwa kuieleza filamu ya kigeni kwa Kiswahili huku ikiendelea kuonekana. Wasimulizi hao wakati mwingine huchukuliwa kama kituko cha mjini. Kwa mtazamo wa makala haya, wao ni warithi wa fani ya zamani: wamelileta baraza mbele ya kioo.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa onyesho lipendwalo ni hati ya kihistoria. Linatueleza ni swali gani hadhira ilikuja nalo, ni jibu gani iliridhika nalo, na ni dhuluma gani iliyokubali bila kuhoji. Iwapo hoja hii ni sahihi, basi hatari iliyopo ni dhahiri. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 15 mwaka 1955 amekwisha kupita miaka 80. Majumba mengi ya sinema ya miji ya pwani yamefungwa au kugeuzwa matumizi, na hati tulizonazo kuhusu hadhira zake zimekusanywa zaidi na watafiti kutoka ng'ambo, na kuchapishwa kwa Kiingereza. Idara zetu zimewatuma wanafunzi kukusanya ngano, methali na nyimbo za jando, na kazi hiyo ni ya kusifiwa. Wanafunzi hao hao wangeweza kumuuliza bibi wa Mji wa Kale, baada ya kumaliza ngano yake, ni onyesho gani la Awara analolikumbuka, na kwa nini lile na si jingine. Jibu lake ni sehemu ya historia ya uhakiki wa Kiswahili, na halitaandikwa baada yake.