The Temple of I & I

The Temple of I & I ni albamu ya Thievery Corporation, kundi la Rob Garza na Eric Hilton lililoanzishwa mwaka 1995 mjini Washington, D.C., Marekani. Ilitoka Februari 2017. Sehemu kubwa ilirekodiwa Port Antonio, Jamaika, na hilo linasikika: besi nzito hutangulia, ngoma huachiwa mwangwi mrefu kama ilivyo desturi ya dabu, mtindo wa rege wa Jamaika, kisha vinanda vya elektroniki hupita juu kwa upole. "I & I" ni msemo wa Marasta, wenye maana kwamba mimi na wewe tu wamoja mbele ya Jah, yaani Mungu. Wasanii waalikwa ni pamoja na Notch, Racquel Jones na mwanarapu Mr. Lif. Saudade (2014), albamu iliyotangulia, iliegemea bosanova. Hii ina uzito zaidi. Mwaka 2018 ikafuatwa na Treasures from the Temple.