Historia ya Njia za Usambara

Milima ya Usambara, mkoani Tanga, imegawanyika sehemu mbili: ya Mashariki yenye msitu wa Amani, na ya Magharibi yenye Lushoto, Vuga, Mlalo na Mtae. Bonde la mto Lwengera limepita katikati. Upande wa magharibi, genge linapanda kutoka tambarare ya Mkomazi zaidi ya mita 1,000 ndani ya kilomita chache. Magofu ya mawe kama ya Kilwa au Gedi hayapo huko juu. Washambaa walijenga kwa miti, udongo na nyasi, na vitu hivyo havikai. Kwa hiyo anayetafuta mambo ya kale katika milima hii huanza na njia: inatoka wapi, inakwenda kwa nani, na iliachwa kwa sababu gani.

Njia za zamani kabisa zilizaliwa na mgawanyo wa nchi. Wenyeji walitenga shambaai, yaani nchi ya juu yenye baridi, mvua na migomba, na nyika, nchi ya joto na homa iliyoko chini. Vijiji vingi vilikaa karibu na ukingo wa genge ili watu walime pande zote mbili. Migomba ikikosa mvua, nyika huenda ikatoa chakula. Nyika ikikauka, mlima bado una kitu. Njia za namna hiyo hushika mgongo wa mlima na kupanda moja kwa moja bila kuzunguka, maana hazikutengenezewa gurudumu wala mnyama, bali mtu mwenye mzigo kichwani. Tumbaku ya Washambaa ilishuka kwa njia hizo, na chuma cha Upare kikapanda.

Katika karne ya 18 akaingia Mbegha, mwindaji kutoka Unguu. Masimulizi yanasema aliua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama kwa wenyeji, akapewa mke, kisha utawala. Hadithi hiyo ina mapambo yake, lakini jambo moja ndani yake halina shaka: mji wa Vuga ukawa kiti cha ukoo wake wa Wakilindi, na njia za Usambara ya Magharibi zikaelekea huko. Mfalme, aliyeitwa Simba Mwene, alioa katika koo nyingi za wenyeji. Watoto aliozaa na wake hao walipelekwa kuwa machifu wa nchi mbalimbali, na wajomba zao wakawa nguzo yao. Kodi ilipanda Vuga. Amri na dawa za mvua zilitoka Vuga. Watu waliamini kwamba mfalme mwenye nguvu huiponya nchi, na kwamba wenye nguvu wakigombana, mvua hukatika.

Utawala huo ulifika kilele wakati wa Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kuanzia takriban 1815 hadi 1862, na nguvu zake zikateremka hadi karibu na pwani. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Vuga akitokea Mombasa kwa nchi kavu, akaongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara aliyewahi kumwongoza pia mmisionari mwenzake Rebmann kwenda Uchagga. Krapf alirudi mwaka 1852 kwa njia ya Pangani. Sultani wa Zanzibar hakuzipenda safari hizo, kwani mzungu anayezungumza na Kimweri bila kupitia Zanzibar alikuwa hatari kwa biashara yake. Miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1850 askari wake wa Kibaluchi wakawekwa Chogwe na kwenye ngome ya mlima Tongwe, kusini mashariki mwa Usambara. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipita kwenye vituo hivyo Februari 1857 wakielekea Vuga. Walimkuta Kimweri mzee na mgonjwa, na alichokitaka kwao zaidi ya kingine chochote ni dawa ya kumrudishia nguvu.

Nguvu hizo hazikurudi, na za mji wake pia zilikuwa zinapungua, kwa sababu njia yenye faida sasa haikupita mlimani. Misafara ya pembe za ndovu ilitoka Pangani, ikafuata bonde la mto Pangani hadi Korogwe, ikapita chini ya genge kuelekea Upare, Uchagga na Umasaini. Kando ya njia hiyo, Mazinde, alikaa Semboja, mtoto wa Kimweri. Wafanyabiashara walimletea bunduki na baruti, na yeye akawa na pembe na watumwa wa kuuza. Mzee wa Vuga alikuwa na heshima na mvua. Kijana wa Mazinde alikuwa na silaha.

Kimweri alipofariki mwaka 1862, kiti kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu. Semboja hakukubali. Vita vilianza, Wabondei, watu wa nchi iliyo kati ya milima na pwani, wakaasi na kuwafukuza Wakilindi katika nchi yao, na Vuga ikachomwa moto. Semboja aliposhinda hakuhamia Vuga. Alimweka huko mwanawe, Kimweri Maguvu, naye akabaki Mazinde penye biashara. Kitendo hicho kinaeleza hali ya Usambara ya miaka ya 1870 vizuri kuliko orodha yoyote ya mapigano. Jamaa za Shekulwavu waliendeleza vita kutoka Usambara ya Mashariki, na watu wa kawaida walitekwa na kuuzwa pwani. Habari hizi zinajulikana hasa kwa sababu ya Abdallah bin Hemedi, aliyemtumikia Semboja na baadaye kuwa liwali wa Tanga. Kitabu chake cha Kiswahili, Habari za Wakilindi, kilichapwa kwa sehemu na misheni ya Magila kati ya 1895 na 1907.

Wajerumani walipoingia walikuta nchi imechoka. Wamisionari wa Bethel walianza Mlalo mwaka 1891. Semboja alifariki mwaka 1895. Mwaka huohuo mwanawe Mputa alinyongwa na serikali ya Kijerumani, na Kinyashi, wa upande wa Shekulwavu, akawekwa Vuga. Tangu hapo mfalme aliwekwa na kuondolewa na wengine. Makao ya serikali yalikuwa Lushoto, iliyoitwa Wilhelmstal, na njia zote zikageuzwa zifike huko.

Reli ilianza Tanga mwaka 1893. Ilikwenda polepole mno: Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Kutoka Mombo barabara ilichongwa kando ya korongo hadi Soni na Lushoto, mwendo wa takriban kilomita 33, na ndiyo inayotumiwa na magari mpaka leo. Anayelinganisha barabara hiyo na njia za miguu zinazoikata ataona tofauti mara moja. Barabara huzunguka na kujikunja ili mwinuko uwe mdogo. Njia ya miguu hukata kona tatu au nne za barabara kwa mpando mmoja mkali. Vipande vingi vya njia za kale vimebaki hai kwa sababu hiyo tu, kwamba mtu wa miguu hana haja ya kuzunguka.

Mabaki ya ajabu zaidi ya zama hizo ni ya mradi ambao haukugusa ardhi. Juu ya Shume kuna msitu wa mierezi, na kampuni ya Wilkins na Wiese ilitaka mbao zake zifike relini Mkumbara, chini ya genge. Barabara haikuwezekana, ikajengwa njia ya kamba za chuma, kazi ya kiwanda cha Bleichert cha Leipzig, yenye urefu wa karibu kilomita 9. Magogo yalining'inia juu ya makorongo, na uzito wa yanayoshuka ulisaidia kuvuta juu magari matupu. Vita vya 1914 vilikata biashara hiyo. Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Wilhelmstal, na baadaye jina la kale, Lushoto, likarudi.

Usambara ya Mashariki ilipata njia yake pia. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua Amani taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe, wakajaribu huko mimea kutoka nchi nyingi za joto. Reli nyembamba yenye urefu wa kilomita 23 ilijengwa kutoka Tengeni hadi Sigi, chini ya Amani, kwa ajili ya mbao hasa. Taasisi iliendelea chini ya Waingereza hadi 1948, kazi zake zilipohamishiwa Muguga, Kenya.

Waingereza hawakujenga sana; waliacha alama yao mashambani. Mpango wa Bonde la Mlalo wa mwaka 1946 uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko. Sababu ya kitaalamu ilikuwepo, lakini kazi ilikuwa nzito, iliangukia zaidi wanawake, na mavuno hayakuongezeka kama walivyoahidiwa. Watu waligoma na kuandamana hadi mpango ukaachwa kabla ya Uhuru. Utawala wa machifu ulifutwa na serikali ya Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kiti cha Vuga kikakosa nguvu ya kisheria.

Katika msitu wa Amani, uliotangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, nyumba ya mkuu wa stesheni ya Sigi imekuwa kituo cha kupokea wageni, lakini reli yenyewe haipo. Reli ya Tanga ilikaa karibu robo karne bila treni ya abiria kwenda Moshi. Desemba 2019 treni hiyo ilirejeshwa, ikitokea Dar es Salaam na kupita chini ya genge la Mazinde, pale pale ilipopita misafara ya pembe.