Mateka au Mahabusu?

Mtu anayekamatwa vitani huitwa mateka. Mfungwa amekwisha kuhukumiwa. Mahabusu anangoja kesi. Maneno haya tunayachanganya ovyo, lakini wako waliopoteza miaka ya umri wao kwa kunyimwa yote matatu.

Mkataba wa Tatu wa Geneva, wa mwaka 1949, unamlinda mateka wa vita. Akihojiwa, analazimika kutaja jina, cheo, namba na tarehe ya kuzaliwa tu. Akikataa kusema zaidi, ni marufuku kumtesa, hata kumtukana.

Januari 2002 jeshi la Marekani lilifungua gereza katika kituo chake cha Guantanamo, Cuba. Mwezi uliofuata Rais George W. Bush aliamua kwamba watu wa Taliban na al-Qaeda wasihesabiwe mateka wa vita. Wafungwa hawakuwa, maana hawakuhukumiwa. Na kuwaita mahabusu ni taabu, maana wengi hawakushtakiwa. Wakanyimwa usingizi, wakawekwa kwenye baridi kali, wakafungwa minyororo saa nyingi. Nionavyo mimi, mateso hayo yalianzia kwenye karatasi, kabla askari yeyote hajanyanyua mkono.

Juni 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba hata hao wanalindwa na kifungu cha Geneva kinachodai utu kwa kila aliyeshikwa. Hata hivyo, mwaka 2007 alipelekwa huko Mkenya aliyekamatwa Mombasa, mji usiokuwa na vita vyovyote. Alirudishwa Kenya Desemba 2024. Hakupata kushtakiwa.