Mechi Mbili za Jack Trice

Jumamosi za vuli katika jimbo la Iowa, katikati ya Marekani, maegesho ya magari yanayozunguka viwanja vya vyuo vikuu hujaa mapema. Watu hukunjua viti, huwasha majiko, huchoma nyama na soseji, kisha husubiri mechi ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Mechi yenyewe huchukua saa tatu na kitu. Mazungumzo huanza kabla yake na huendelea baada yake, na sehemu kubwa huwahusu wachezaji wa zamani: nani alidaka mpira gani, mwaka gani, mvua ikinyesha vipi. Wazee husimulia, vijana husahihisha tarehe, na watoto husikia majina ya watu waliostaafu kabla wazazi wao hawajaoana.

Upo sababu wa mashabiki wa vyuo kuishi kwenye kumbukumbu kuliko wengine. Mchezaji wa chuo hakai. Kwa kawaida hucheza misimu minne hivi, kisha anaondoka. Shabiki wa miaka sitini ameshaona kikosi kizima kikibadilika zaidi ya mara kumi, makocha wakifukuzwa, hata uwanja ukibomolewa na mwingine kujengwa. Kilichobaki vilevile ni rangi za jezi na hadithi. Tena Iowa haina timu hata moja katika ligi kuu ya kulipwa, NFL, kwa hiyo mapenzi yote ya mchezo huu humwagiwa vyuo, hasa viwili: Chuo Kikuu cha Iowa kilichoko mji wa Iowa City, na Iowa State kilichoko Ames.

Kwa mtu anayesoma historia, soga za namna hii ni nyaraka. Shabiki anapotaja wachezaji wake watano bora wa nyakati zote, anataja pia watu anaowahesabu kuwa wake. Na orodha hiyo ina walioachwa nje. Ndiyo maana nataka kusimulia habari za kijana mmoja wa Ames ambaye, kwa vipimo vya kawaida vya kijiweni, hakuwa na sababu ya kukumbukwa. Alicheza mechi mbili tu katika timu ya kwanza ya chuo chake.

Lakini kwanza tuone kumbukumbu inavyofanya kazi pale isipopata upinzani. Mwaka 1939 Chuo Kikuu cha Iowa kilikuwa na mchezaji aliyeitwa Nile Kinnick. Msimu huo timu yake iliifunga Notre Dame 7–6, naye akatwaa tuzo ya Heisman, inayotolewa kwa mchezaji bora wa vyuo nchini kote. Vita vilipokuja akawa rubani wa jeshi la wanamaji. Juni 2, 1943, akiwa kwenye safari ya mafunzo, ndege yake ilianguka katika Ghuba ya Paria, karibu na Venezuela. Mwili wake haukupatikana. Alikuwa na miaka 24. Mwaka 1972 uwanja wa chuo ulipewa jina lake. Ushindi, tuzo, sura nzuri, kifo cha vitani: Kinnick alikuwa na kila kitu ambacho simulizi ya mashabiki hukitafuta. Hata mtu asiyejua sheria za mchezo huu anaelewa kwa nini anakumbukwa.

Miaka mitano kabla ya tuzo hiyo, chuo hichohicho kilikuwa na mkimbiaji mwingine, Ozzie Simmons, kijana Mweusi. Mwaka 1934 timu ya Minnesota ilikuja Iowa City na kushinda 48–12. Siku hiyo Simmons aligongwa vibaya mara kwa mara mpaka akashindwa kuendelea, na watu wa Iowa waliondoka uwanjani wakiamini kwamba alilengwa. Mwaka uliofuata hasira zilikuwa bado hazijapoa, na magavana wa majimbo hayo mawili walipokezana maneno kabla ya mechi. Ili kutuliza mambo, gavana wa Minnesota, Floyd Olson, alipendekeza dau: timu itakayoshindwa, gavana wake atoe nguruwe. Minnesota ilishinda. Nguruwe akatolewa, akapewa jina Floyd wa Rosedale, na baadaye ikatengenezwa sanamu yake ya shaba ambayo timu hizo mbili huigombea hadi leo. Washindi huibeba wakikimbia nayo uwanjani, watu wakicheka na kupiga picha. Nguruwe ana jina, ana sanamu, ana siku yake. Mtu ambaye kuumizwa kwake ndiko kulikomleta nguruwe huyo anapaswa kutafutwa.

Hivyo ndivyo mashabiki husahau mara nyingi. Hakuna anayechoma nyaraka wala kupiga marufuku jina. Hadithi husimuliwa tena na tena, na kila ikisimuliwa sehemu chungu hupungua kidogo, mpaka ibaki ile inayochekesha.

Sasa twende Ames. Jack Trice alizaliwa mwaka 1902 huko Hiram, Ohio, mjukuu wa watu waliokuwa watumwa. Alisoma sekondari Cleveland, na kocha wake wa huko, Sam Willaman, alipoajiriwa Iowa State mwaka 1922, alikwenda na baadhi ya vijana wake, Trice akiwemo. Akawa mwanamichezo wa kwanza Mweusi wa chuo hicho. Alichagua kusomea ufugaji. Nia yake ilikuwa kwenda majimbo ya Kusini baada ya masomo kuwasaidia wakulima Weusi kwa elimu aliyoipata. Njia hiyo haikuwa ngeni Ames: George Washington Carver, mwanasayansi wa kilimo aliyezaliwa utumwani, alihitimu hapohapo mwaka 1894 kisha akaenda kufundisha Kusini, Alabama.

Wakati huo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu ya kwanza, kwa hiyo Trice alisubiri. Kiangazi cha 1923 alimwoa Cora Mae Starland. Mwishoni mwa Septemba alicheza mechi yake ya kwanza, dhidi ya chuo kidogo cha Simpson. Wiki moja baadaye timu ilisafiri kwenda Minneapolis kucheza na Minnesota.

Usiku wa kuamkia mechi hiyo aliandika barua fupi kwenye karatasi ya hoteli, barua isiyotumwa kwa mtu yeyote. Aliandika kwamba heshima ya watu wa rangi yake, ya familia yake na yake mwenyewe ilikuwa hatarini. Kila mtu alimtarajia afanye makubwa, naye atayafanya. Mwili wake na roho yake yote atavitupa uwanjani bila kujihurumia. Kisha akajipa maagizo ya kiufundi kama mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani: namna ya kumkabili mpinzani, namna ya kuwa macho kila dakika.

Oktoba 6, mapema katika mchezo, alivunjika mtulinga, mfupa wa bega. Aliendelea kucheza. Katika robo ya tatu alijirusha chini kuzuia mashambulizi, akaangukia mgongo, na wachezaji wa Minnesota wakapita juu yake. Alitolewa akapelekwa hospitali, na madaktari wakasema anaweza kusafiri. Alirudi Ames kwa treni, amelazwa kwenye godoro la majani makavu. Minnesota ilikuwa imeshinda 20–17.

Oktoba 8 alifariki kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Miaka mingi baadaye mjane wake aliandika kwamba alipoingia chumbani alimsalimu, mumewe akamtazama bila kusema neno, kisha saa ya mnara wa kengele wa chuo ikagonga saa tisa mchana, na akawa ameondoka. Alikuwa na miaka 21.

Kama alikanyagwa kwa makusudi au kwa ajali ya mchezo, watu wamebishana kwa miaka mia moja. Lisilobishaniwa ni kwamba alijua anaingia uwanjani akiwa amebeba kisichobebwa na wenzake. Barua ilipatikana mfukoni mwa koti lake. Chuo kilisimamisha masomo, watu wapatao 4,000 wakakusanyika kwenye viwanja vya kati vya chuo, na rais wa chuo akaisoma barua hiyo mbele ya jeneza. Michango ikapigwa kumsaidia mama yake na mjane wake. Mwaka 1924 kibao cha shaba chenye maneno ya barua kikatundikwa ndani ya jumba la mazoezi.

Kisha ikaja kimya. Wanafunzi walioimba na kulia mwaka 1923 walihitimu na kutawanyika, kama wanafunzi wanavyofanya. Kibao kikabaki ukutani kikikusanya vumbi. Mwaka 1957 mwanafunzi mmoja alikiona na kuandika makala katika jarida la chuo. Makala ikasomwa, ikapita. Mwaka 1973 mfanyakazi mmoja wa chuo alikutana nacho tena, na safari hii jambo halikuishia hapo. Darasa la Kiingereza la mwaka wa kwanza lilianza kuchimba habari za Trice kama kazi ya darasani. Wakati huohuo chuo kilikuwa kinajenga uwanja mpya, utakaofunguliwa mwaka 1975 na ambao haukuwa na jina. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu majirani zao wa Iowa City waupe wao jina la Kinnick.

Wanafunzi wakasema: uitwe Jack Trice. Mwaka 1974 serikali yao ilipiga kura kuunga mkono, bila mtu kupinga. Wenye mamlaka hawakukubali. Ni rahisi kuona hoja dhidi yao, maana ni hoja ya kijiweni: mechi mbili tu, hakuna rekodi, hakuna kombe, na ile mechi kubwa timu ilifungwa. Kwa mizani hiyo, Trice hakuwa na uzito.

Kinachonivutia katika mvutano huo ni watu waliouendesha. Hakuna hata mmoja kati ya wanafunzi hao aliyewahi kumwona Trice akicheza. Hawakuwa na bao lake la kusimulia. Tena wao wenyewe walikuwa wapita njia: aliyeanza kampeni mwaka 1974 alihitimu kabla ya kuona matokeo, akamwachia aliyemfuata, naye akamwachia mwingine. Kile kilichomsahaulisha Trice, yaani wanafunzi kuja na kuondoka, sasa kilikuwa kinapokezana jina lake. Mwaka 1984 wakapewa nusu: jengo likaitwa Cyclone Stadium, kwa jina la utani la timu, na nyasi za kuchezea zikaitwa Jack Trice Field. Hawakuridhika. Mwaka 1988 walichangisha fedha wakasimamisha sanamu. Ni sanamu ya mchezaji wa futiboli asiyekuwa na mpira mkononi: amesimama anasoma barua. Hatimaye mwaka 1997 uwanja mzima ukaitwa Jack Trice Stadium. Katika ngazi ya juu ya futiboli ya vyuo Marekani, ulikuwa wa kwanza kuitwa kwa jina la Mmarekani Mweusi.

Ilichukua miaka 24 tangu 1973. Kwa Kinnick, miaka yote hiyo ya ubishi haikuhitajika.

Leo mashabiki wa Iowa State wanalitaja jina lake bila kufikiri. Mtu anamwambia rafikiye, "tukutane Jack Trice," akimaanisha mlango wa uwanja. Huo ni ushindi, na una hatari yake. Jina likizoeleka, linaweza kufanya kazi ya yule nguruwe wa shaba: kubeba fahari na kuacha maumivu nyuma. Ni rahisi kusifu ujasiri wa kijana aliyecheza na mfupa uliovunjika. Ni vigumu zaidi kuuliza kwa nini kijana wa miaka 21, usiku kabla ya mechi ya chuo, alijiona amebeba heshima ya watu wote wa rangi yake, na ni nani aliyempa mzigo huo. Chuo kinachoipenda barua ile kinapaswa kukumbuka kwamba ni barua ya mtu aliyeelemewa.

Ndiyo maana, kati ya heshima zote alizopewa, inayonigusa zaidi haihusu mchezo. Oktoba 2023, miaka mia moja baada ya kifo chake, Iowa State ilimtunuku Jack Trice shahada ya kwanza ya ufugaji. Mashabiki wamemweka hai kama mchezaji, na bila wao hata shahada hiyo isingekuja. Lakini futiboli ilikuwa kazi yake ya Jumamosi. Siku nyingine za wiki alikuwa akijifunza mambo ya ng'ombe, akijiandaa kwenda Kusini, mahali ambako kuna wakulima waliokuwa wakimhitaji na hawakujua kwamba alikuwa njiani.