Mrobinia

Mrobinia (Robinia pseudoacacia) ni mti wa jamii ya mikunde wenye asili ya mashariki mwa Marekani, hasa milima ya Appalachia na nyanda za juu za Ozark. Hufikia kimo cha mita 25 hivi. Matawi yake machanga yana miiba inayoota miwilimiwili. Si mgunga, ingawa asali yake huuzwa Ulaya kwa jina la asali ya akasia.

Maua na wachavushaji

Maua ni meupe, yananukia vizuri mno, na huning'inia katika vishada vya sentimita 10 hadi 20. Huchanua Mei hadi mapema Juni, kwa siku 10 hivi tu. Umbo lake ni lile la ua la kunde: petali mbili za chini huficha stameni na stigma. Nyuki akitua, uzito wake huzishusha petali hizo. Stigma humgusa tumboni kwanza, ndipo chavua humpaka. Kazi hii yataka mdudu mwenye nguvu, na katika misitu ya asili hufanywa na nyuki-bambi pamoja na nyuki wakubwa wanaotoboa mbao. Nyuki wa asali alifika Marekani na walowezi wa Kizungu katika karne ya 17, lakini sifa zote amepewa yeye.

Mbochi ni mwingi ajabu, ila hautabiriki: jalidi ya mwisho wa baridi ikiunguza matumba, mwaka huo hakuna mavuno. Asali yake ni angavu, na kwa kuwa fruktosi imeizidi glukosi, hukaa miezi mingi bila kuganda. Majani nayo hulisha viwavi wa vipepeo kadhaa.

Kuenea

Mwanabotania Linnaeus aliupa jina mwaka 1753 kwa heshima ya Jean Robin, mtunza bustani wa wafalme wa Ufaransa. Mrobinia unaoaminiwa kupandwa mwaka 1601 ungali umesimama Paris, katika Square René-Viviani. Nchini Hungaria mti huu ni karibu robo ya misitu yote, na mwaka 2014 asali yake iliingizwa katika orodha ya tunu za taifa. Kwingineko Ulaya huhesabiwa mti vamizi, kwani huchipua kutoka mizizini na kubadili udongo kwa kuongeza naitrojeni.

Matumizi mengine

Mbao hufaa nguzo za uzio. Magome, majani na mbegu vina sumu, hasa kwa farasi.